Marehemu Aliyeomba Viazi

Aksel mhunzi alipofungua mlango wa jikoni, akavua kofia na kuuliza kama kahawa ipo, Kanoko Isomura alidhani Kidenishi kimemtoka kichwani. Zaidi ya nusu ya umri wake alikuwa ameishi na lugha hiyo. Amesoma kwayo, ameolewa kwayo, amegombana na mafundi bomba kwayo, hadi mmoja wao akamwoa. Sasa ghafla haielewi. Akarudi juu ya ukurasa, akasoma tena polepole, kidole kikifuata maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Aksel akaingia tena. Akavua kofia tena. Kahawa akaiulizia vilevile.

Na Aksel alikwishakufa. Kanoko mwenyewe ndiye aliyemzika, kwa Kijapani, katika riwaya iliyotangulia: mvua inanyesha, mchungaji ana mafua, jeneza linashushwa likigonga kingo za kaburi. Siku aliyoitafsiri sura ile alilia mpaka mumewe akaja kuuliza kama kuna habari mbaya kutoka Japani. Mtu uliyemlilia namna hiyo hawezi tu kuingia jikoni akataka kahawa.

Riwaya ile iliitwa Mwaka wa Theluji Mbili, na mwandishi wake alikuwa Vibeke Ravnholt, bibi wa hapahapa Aarhus, Denmaki. Vitabu vyake vyote ni Kanoko aliyevipeleka Japani. Huu mswada mpya uliokuwa mezani ulikuwa mwendelezo, na Vibeke alishasema hataandika kingine. Baada ya hapo ni stroberi zake na usingizi wa mchana. Kanoko alikuwa amekisubiri kitabu hicho kwa hamu ya mtu anayesubiri mjukuu. Alianza na bibi huyu yeye mwenyewe akiwa msichana asiyejua kuagiza mkate, akataka kumaliza naye. Hakuwa na tamaa nyingine kubwa katika kazi yake.

Akaendelea kusoma. Jeneza, kumbe, lilijaa mawe. Kijiji kizima kilijua, na kila mtu alijitia hamnazo kwa sababu zake. Halafu akakutana na sentensi iliyomfanya asukume kiti nyuma. Mjane wa Aksel anawafokea majirani: "Msiniambie hamkujua! Wote mlimwona kwenye harusi ya Ellen, amekaa mezani anaomba viazi, na hakuna hata mmoja aliyeshangaa!"

Kanoko akafunga mswada. Akaufungua. Akaufunga tena.

Ilikuwa hivi. Miaka ile, akitafsiri kitabu cha kwanza, alifika kwenye harusi ya Ellen na kumkuta marehemu amekaa kati ya wageni, anaomba apitishiwe viazi. Alicheka peke yake. Kosa lilikuwa wazi: mwandishi amesahau kwamba mtu huyu amemuua mwenyewe, kurasa nyingi nyuma. Hutokea, hata kwa wakubwa. Mhariri hakuona, mchapaji hakuona, wasomaji wa Denmaki hawakuona. Kanoko aliona, kwa sababu mtafsiri ndiye msomaji pekee asiyeruhusiwa kuruka neno.

Angeweza kuuliza. Si mtu wa kuogopa maswali. Kwa kila kitabu alimpelekea Vibeke kurasa za maswali, juu ya aina ya misumari, juu ya kola ya mchungaji, juu ya supu. Lakini ukubwa wa msumari haumwaibishi mtu. Kumuuliza mwalimu wako mzee "mbona maiti wako anakula?" ni kumwambia mbele ya wageni kwamba sketi yake imenasa kwenye chupi. Nyumbani kwao Kanazawa, mgeni akimwaga chai, mama yake Kanoko aligeukia dirishani na kuisifu bustani, akaisifu na kuisifu mpaka mgeni amalize kufuta. Basi Kanoko naye aliisifu bustani. Alimnyang'anya Aksel viazi, akampa mpiga kengele wa kanisa, mzee asiye na neno aliyekuwa amekaa kiti cha pili. Sentensi moja tu. Katika maneno ya mtafsiri, yale ambayo Wajapani huyaweka mwisho wa kitabu na wanunuzi wengi huyasoma kwanza wakiwa wamesimama dukani, aliandika kwamba Bi Ravnholt ni mwandishi mwenye umakini wa ajabu. Alijiona amefanya jambo la adabu, na kusema kweli alijipongeza kidogo.

Sasa angalia.

Palle, mumewe, alikuwa kwenye sinki anasafisha samaki, suruali imemshuka kama kawaida ya mafundi bomba, hata waliostaafu.

"Palle, mtu akizikwa, halafu akaonekana harusini, utasemaje?"

"Nitasema harusi ilikuwa nzuri."

"Sitanii."

Palle akageuka, akamwona uso, akanawa mikono. Kanoko akamweleza yote. Alipofika kwenye viazi, Palle alianza kutikisika mabega.

"Usicheke!"

"Sicheki. Nakohoa. Sasa tatizo nini? Mpigie simu. Mwambie, we bibi, ulikosea au ulikusudia? Dakika haiishi."

"Siwezi."

"Mdomo unao."

"Kama alikusudia, mimi nimemharibia kitabu chake Japani nzima. Na kama alikosea, nitakuwa namuumbua baada ya miaka yote hii. Lolote atakalojibu, mimi nimekwisha."

"Na usipouliza?"

"Ndiyo maana nakwambia kichwa kimevurugika!"

Palle akavuta kiti. "Nyie watu! Mama yako alikaa humu mwezi mzima anakula jibini langu la kunuka. Kila asubuhi namkatia, kila asubuhi anainama, ahsante, ahsante. Kumbe halipendi. Nimekuja kuambiwa ameshapanda ndege."

"Alikuheshimu."

"Heshima gani! Nilikuwa namwongezea kipande, mama wa watu. Nilimtesa kwa mkono wangu mwenyewe, na ninyi mnaniangalia."

Kanoko alimkumbuka mama yake akimeza jibini lile na machozi kidogo pembeni mwa macho, na Palle akijipiga kifua kwa furaha, na yeye, Kanoko, katikati, akitafsiri ahsante kwenda huku na karibu kurudi kule. Wakati ule mambo yote yalionekana kwenda vizuri.

Kesho yake asubuhi akampigia Bwana Sugaya, mhariri wake wa Tokyo, mtu mpole aliyezoea kuomba radhi hata kwa mvua. Bwana Sugaya alisikiliza mpaka mwisho. Kanoko alisikia kijiko kikizungushwa kwenye kikombe.

"Ni jambo gumu kidogo, Mwalimu Isomura," akasema hatimaye, kwa cheo ambacho Wajapani humpa kila mwandishi na mtafsiri. Yeyote aliyelelewa Japani anajua kwamba gumu kidogo maana yake haiwezekani.

"Tunaweza kukirekebisha kitabu cha kwanza? Tuchapishe upya?"

"Wasomaji wanakipenda sana. Kuna vikundi vya akina mama wanaokisoma kwa sauti. Tukisema leo kwamba tafsiri ilikuwa na… na…"

"Na kosa."

"Sikusema kosa, Mwalimu." Kijiko kikazunguka. "Mimi nafikiri tu kwa sauti. Hicho kipya bado hakijatoka. Labda mjane asitaje harusi. Labda aseme walimwona mahali pengine. Sokoni, kwa mfano. Sentensi moja."

"Bwana Sugaya, unaniambia nifanye tena?"

"Mimi sijasema kitu, Mwalimu. Sijasema kitu kabisa. Habari za huko? Kumeshapata joto?"

Kanoko alikata simu akiwa na hasira, na hasira yenyewe hajui aielekeze wapi. Kwa sababu lile wazo lilikuwa zuri. Alilijaribu mezani, akaona linakaa. Mjane anafoka, majirani wanainamisha vichwa, wamemwona sokoni, mambo yamekwisha. Lakini mbele kidogo Ellen anakumbuka harusi yake. Akarekebisha na hapo. Mbele tena mpiga kengele mwenyewe anaapa kwamba siku ile hakula kitu, tumbo lilikuwa linamuuma. Hapo Kanoko akaweka kalamu chini. Kila alipofunika shimo, lingine lilifunguka, na kitabu cha Vibeke kilikuwa kinageuka kitabu cha Kanoko, na yeye hakuwahi kutaka kuandika kitabu.

Halafu likaja wazo baya zaidi. Je, kama Vibeke hakukosea hata siku moja? Kama Aksel alikuwa hai tangu mwanzo, akaachwa pale mezani makusudi, na mtu pekee duniani aliyekuwa mjinga ni yeye? Na kama alikuwa mjinga hapo, alikuwa mjinga wapi kwingine? Alizitazama tafsiri zake kwenye rafu, zilizopangwa kwa miaka, akaziogopa. Kwa siku kadhaa alizunguka nyumba akigusa vitu na kuviacha. Hakujua tena kama ndiye anayemjua Vibeke Ravnholt kuliko watu wote, au ndiye asiyemjua kabisa.

Mwisho akapiga moyo konde. Akanunua keki ya lozi, kubwa kuliko haja, akaomba dukani waifunge vizuri, akaifunga tena mwenyewe vizuri zaidi.

"Keki ya kuungama," Palle akasema akimshikia baiskeli.

"Nyamaza."

"Mimi nakutakia heri. Ukifukuzwa, urudi nayo."

Vibeke, kama wazee wengi wa Aarhus, majira ya joto alihamia kwenye kibanda chake katika bustani za kukodi pembezoni mwa mji. Kanoko alimkuta amepiga magoti kati ya stroberi, kofia ya majani imemwangukia jicho moja.

"Kanoko! Umeleta keki. Nani amekufa?"

Kanoko nusura aseme Aksel.

Wakakaa nje, kahawa ikamiminwa. Kanoko akazisifu stroberi. Akausifu ua wa miti jinsi ulivyokatwa. Akasifu hali ya hewa, bendera ya kibandani, na mbwa wa jirani.

"Yule mbwa hata mwenyewe hampendi," Vibeke akasema. "Una nini leo?"

"Mwalimu, ni kuhusu mswada."

"Umefika kwa Aksel!" Bibi akapiga makofi kama msichana. "Alipoingia jikoni. Sema kweli. Ulifanyaje?"

"Nilishtuka."

"Ulishtuka! Nilijua." Akavuta kiti karibu, akatazama kushoto na kulia kana kwamba stroberi zina masikio. "Nikwambie kitu ambacho hata mhariri wangu hakijui? Nilikuwa nimesahau kwamba nimemuua."

Kanoko akaweka kikombe chini taratibu.

"Kabisa! Nikamwandika harusini kama kawaida. Kitabu kikatoka, wakosoaji wakasifu, mimi sina habari. Siku moja niko maktaba mjini Randers nawasomea watu, mama mmoja akanyoosha mkono. Huyu Aksel, anasema, si alizikwa? Wee! Nilihisi sakafu imeondoka. Kabla sijafungua mdomo yule mama akajijibu mwenyewe: ahaa, kumbe hakufa, umetuficha kwa ustadi kweli! Ukumbi mzima makofi. Ningefanyaje? Nikatabasamu kama mtu anayejua siri."

Alicheka, lakini mikono ilikuwa imeshikana mapajani.

"Nilirudi nyumbani nataka kuingia chini ya kitanda. Sikulala vizuri muda mrefu. Halafu nikakuwaza wewe."

"Mimi?"

"Tafsiri yako ilikuwa imeshatoka. Wewe, uliyetaka kujua misumari ya kwato za farasi inaingia kwa upande gani! Nikajiambia, lingekuwa kosa, Kanoko angeuliza. Hakuuliza. Basi aliuona ukurasa ule na kuukubali. Kama msomaji wangu bora kuliko wote alimwona Aksel mezani na hakushangaa, basi Aksel yu hai, na mimi kazi yangu ni kutafuta sababu. Ndivyo nilivyokianza hiki kitabu. Wewe ndiye msingi wake, hujui tu."

Kanoko hakujua ashike lipi. Alikuwa sahihi: kosa lilikuwa kosa. Hakuwa mjinga. Na kwa sababu alikuwa sahihi, na alinyamaza, bibi huyu alikuwa amejenga nyumba nzima juu ya kunyamaza kwake. Angeomba radhi kwa lipi? Kwa kuona, au kwa kutosema? Vibeke alikuwa na furaha, na kila kicheko chake kilimchoma Kanoko mbavuni.

Bibi akaingia kibandani, akatoka na kitabu cha Kijapani chenye theluji kwenye jalada, kurasa zimejikunja kwa unyevu.

"Nisomee harusi. Kijapani kwanza, nikisikie kinavyolia, halafu unirudishie kwa Kidenishi. Nataka kumsikia mtu wangu akiomba viazi ugenini."

Kanoko akatafuta ukurasa. Akasoma. Vibeke alifumba macho na kuegemea kiti, uso juani, midomo ikitabasamu kila lilipopita jina la Ellen. Kanoko alipomaliza, bibi hakufumbua macho.

"Nzuri. Ila jina la Aksel sikulisikia. Haya, nirudishie."

Angeweza kusema lolote. Katika bustani zile zote hapakuwa na mtu wa kumsuta. Angeweka tu jina la Aksel pale lilipotakiwa, kwa mdomo, kwa hewa, wangekula keki, na kitabu kipya kingekuwa chake kama vilivyokuwa vingine. Alimtazama bibi aliyemfumbia macho kwa imani kiasi kile, akaona hawezi kumfunika mara ya pili.

"Mpiga kengele mzee," akasema kwa Kidenishi, "akainua uso, akaomba apitishiwe viazi."

Vibeke akafumbua macho. "Nani?"

"Mpiga kengele."

"Aksel yuko wapi?"

"Kaburini," Kanoko akasema. "Kwa Kijapani hakutoka. Nilimwacha hukohuko."

Mbwa wa jirani alibweka, akanyamaza. Vibeke alikichukua kitabu, akautazama ule ukurasa asioweza kuusoma, akautazama kwa muda mrefu.

"Uliona."

"Niliona."

"Toka siku ya kwanza."

"Sikutaka uaibike, Mwalimu. Nilikuheshimu."

"Usiniite mwalimu." Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kuniheshimu ni kuniambia, Vibeke, umekosea, lirekebishe. Wewe ulinihurumia. Nilisimama Randers mbele ya watu nikiwa nimevuliwa nguo, peke yangu, na kumbe kulikuwa na mtu mmoja aliyejua. Ningekuwa na mtu wa kucheka naye! Miaka yote hii ningekuwa naye!"

Kanoko alilia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa kamasi, bila kitambaa, mbele ya mtu anayemheshimu kuliko wote. Vibeke hakumbembeleza. Alikata keki vipande vikubwa visivyolingana, akala kimoja chote, akitazama stroberi zake. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Kanoko hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio.

"Kwa hiyo iko nchi moja," Vibeke akasema, akikipangusa kitabu cha Kijapani kwa kiganja. "Nchi moja duniani ambako sikukosea."

"Ndiyo."

"Kule mtu wangu alikufa, akazikwa, watu wakamlilia, basi."

"Walimlilia sana."

Bibi akatikisa kichwa. Akakiweka kitabu mezani, mbali na kahawa.

"Hiki kipya usikitafsiri. Mwambie huyo bwana wako wa Tokyo kwamba nimekataa. Wala kisitafutiwe mtafsiri mwingine. Japani kibaki kile kimoja."

Ndilo Kanoko alilokuwa akiliogopa, na sasa limesemwa, jua likiwaka na nyuki wakizunguka keki. Kitabu cha mwisho si chake. Lakini hakitakuwa cha mtu yeyote mwingine pia. Na kile chake, chenye kosa lake la kufunika kosa, kimeachwa kisimame kama ndicho cha kweli. Alijaribu kulishika jambo hilo kwa upande huu, akalishika kwa upande ule. Ni adhabu, au ni heshima kubwa kuliko zote alizowahi kupewa? Uso wa Vibeke haukumsaidia.

Kanazawa, mtu angejua la kufanya. Angeshukuru, angeinama, angeondoka, na miaka iliyobaki angeitumia kujiuliza bibi yule alimaanisha nini. Kanoko alisimama. Alichukua mkoba wake. Alianza kuinama, na kichwa kikiwa kimefika nusu ya safari, akakisimamisha.

"Vibeke," akasema, kwa mara ya kwanza bila cheo mbele yake. "Unanifukuza, au unanisamehe?"

Bibi alimtazama, kofia imemwangukia jicho tena, kidevu kina makombo ya lozi.

"Sijui," akasema. "Kweli kabisa sijui. Ila ungeniuliza hivyo zamani, tusingekuwa hapa."

Kanoko akaurudisha mkoba chini, akakaa.